Kongo ya Mbelgiji ilikuwa na hela kweli, ila usukani alishika nani?

#1 – Mleta uzi

Wakuu kwema?

Niko Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, leo siku ya tatu foleni haisogei. Gari nimepaki karibu na kibanda cha mama mmoja anauza bukari na samaki, bukari ndo ugali huku. Bando lipo, muda upo, nikasema ngoja nilete hii mada maana imenikaa kichwani tangu juzi.

Huyo mama ana baba yake, mzee wa sabini na kitu, hupenda kukaa pale kwenye benchi anapiga stori na madereva. Mzee kazaliwa kambi ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, pale Lubumbashi, enzi hizo panaitwa Élisabethville, baba yake alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Sasa juzi tulikuwa tunailalamikia barabara, mzee akacheka akasema kwa Kiswahili chao, "Mutoto, wakati ya Babeleji hapa kulikuwa muzuri. Posho kila juma, masomo, lopitalo, maji. Leo unaona nini?" Utingo wangu, kijana wa miaka 23, akadakia palepale, "basi bora wazungu wangebaki tu".

Nikanyamaza. Sio kwamba nilikubali, jibu la haraka sikuwa nalo. Sasa nimepata muda wa kufikiri, na habari za Kongo nimesoma kiasi chake ndani ya kebini, miaka 11 nakimbiza hii njia.

Nianze kwa kumpa mzee haki yake, maana watu wengi mada kama hii wanakimbilia kutukana wakoloni na kumaliza. Union Minière imeanzishwa 1906, mji wa Élisabethville 1910. Mwanzoni vibarua walikuwa wanakufa kwa magonjwa na wengine wanatoroka, kampuni ikapiga hesabu ikaona kila siku kutafuta watu wapya ni hasara, ndo mwishoni mwa miaka ya 20 wakabadilisha gia, mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba kambini, posho ya unga maharage mawese na nyama, kliniki ya watoto, shule ya wamisionari. Kufika miaka ya 50 Kongo ilikuwa kati ya makoloni yaliyosonga mbele zaidi Afrika kwa hospitali na viwanda. Urani ya bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi. Na shule ya msingi, aisee, hapa wengi hawajui, Kongo inapata uhuru 1960 ilikuwa na watoto zaidi ya milioni moja na nusu shuleni. Sisi Tanganyika 1961 hata nusu milioni hatukufika. Najua wao walikuwa wengi kuliko sisi, lakini hata ukigawanya bado wanatupita.

Sasa panda hiyo ngazi uone inaishia wapi. Tarehe 30 Juni 1960, nchi ya watu kama milioni 14, wenye digrii ya chuo kikuu hawafiki 30. Daktari Mkongo hakuna, injinia hakuna, ofisa wa jeshi hakuna. Nafasi za juu serikalini zilikuwa karibu 5,000, Wakongo walikuwa WATATU. Sio mia tatu, watatu, wanakaa kebini moja na utingo juu.

Na usiniambie ni bahati mbaya au muda haukutosha. Stefano Kaoze kapewa upadri 1917, kule Baudouinville ambako leo ni Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ukitokea kwetu. Mtu kasoma Kilatini, falsafa na teolojia mpaka akasimama altareni mwaka 1917, kichwa cha Mkongo kiliweza. Miaka 43 baadae nchi nzima haina daktari hata mmoja mzawa. Hapo mtu alikaa chini akaamua kwamba padri sawa, karani sawa, fundi sawa, juu ya hapo hapana.

Hoja yangu ni hiyo tu. Hela ilikuwepo, na watu walifundishwa kila kitu kwenye hilo gari isipokuwa kuendesha. Karibuni.

#2

Uzi umeshiba mkuu. Ila mbona umeruka mfalme Leopold wa Ubelgiji? Ile mikono iliyokatwa kisa raba hujaigusa kabisa. Kabla ya hospitali kulikuwa na makaburi.

#3

Tuache kuchanganya mafaili. Leopold aliinyonga Kongo 1885 mpaka 1908, baada ya hapo serikali ya Ubelgiji ikaichukua, ni vitu viwili tofauti. Mleta uzi kaongelea miaka ya 40 na 50, tukae humo.

Mi nitasema ukweli mchungu na mnipopoe. Mnapenda kuhesabu digrii. Mtu wa kawaida hali digrii, anakula ugali. Mzee wa watu kakwambia alikuwa anapata posho, maji, hospitali, leo hana, wewe unamjibu "ndio ila hamkuwa na mainjinia". Na hapo Zambia ng'ambo ya foleni yako, enzi ya Mwingereza, kwenye migodi ya Copperbelt kazi za ufundi zilikuwa za wazungu kwa makubaliano na chama chao cha wafanyakazi, Mwafrika hasogei. Kongo Mkongo aliendesha treni, aliendesha mashine kubwa za mgodini. Hilo nalo ulitaje mkuu, usichague.

Halafu aliyeiua Kongo anajulikana kwa jina na kofia ya chui, Mobutu. Sasa Mbelgiji anahusikaje na Mobutu kugawa mali za wageni 1973?

#4 – Mleta uzi

#2 mkuu sijaruka kwa kudharau, ile ni mada ya uzi wake na watu washaiongelea sana humu.

#3 nakushukuru, umeniongezea nyama. Ni kweli, Katanga, yaani jimbo la huku Lubumbashi, hawakuwa na ubaguzi wa kazi kama wa Copperbelt, fundi Mkongo alikuwepo na alikuwa fundi hasa. Tena hilo linaipa nguvu hoja yangu, kumbe uwezo waliuona kwa macho yao.

Ila hiyo posho unayoisifia hebu tuifuate mpaka jikoni. Mjini na kambini ndo ilikuwa hivyo. Kijijini mambo yalikuwa mengine, tangu 1917 sheria inamlazimisha mwanakijiji kulima zao aliloambiwa, pamba hasa, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita vya pili wakapandisha mpaka 120. Bei anapanga mnunuzi, na mnunuzi ni mmoja. Usipolima unakula kiboko au jela. Zile barabara nzuri za vumbi ambazo watu wanatuma picha zake kila siku, nani alikuwa anafyeka na kufukia mashimo? Mwanakijiji, kwa amri. Siku amri ilipokwisha na barabara zikaisha, halafu watu wanasema "Mwafrika hajui kutunza".

Na hata kambini, Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka mshahara, vita imepandisha bei ya kila kitu na shaba yao ndo inaenda vitani. Tarehe 9 wakakusanyika uwanja wa mpira hapo hapo Élisabethville. Askari wakafyatua. Walikufa makumi ya watu, na hesabu kamili wanabishania mpaka leo. Hao ndo walikuwa wanapewa posho.

Mji wenyewe ulikatwa vipande viwili, wa wazungu na wa weusi, katikati ukaachwa ukanda mtupu, na usiku Mwafrika hana ruhusa ya kuonekana upande wa pili. Na waliosoma kidogo, wale wakiitwa "évolués", ukitaka kuhesabiwa karibu sawa na mzungu kuna karatasi ya kuombea tangu 1952, wanakuja nyumbani kwako kukagua, mnakulaje, mke anakaa mezani au jikoni, choo kikoje. Nchi nzima waliopita ni mia mbili na kitu. Mia mbili! Yaani unakaguliwa kama gari la mizigo pale mizani ya Tunduma.

#5

Mizani ya Tunduma 😂😂 mkuu umeuona huo moto.

#6

Bandugu jambo. Miye niko wa Lubumbashi, komini ya Kenya (ndiyo, huku kuko komini inaitwa Kenya, musicheke). Nasoma uzi hii tangu asubui.

Neno moja munasahau bote. Bazee betu bakisema "wakati ya Babeleji" beko nachanganya myaka. Posho haikuisha 1960. Union Minière ilikuwa ya serikali tangu 1967, kisha jina ikakuwa Gécamines, lakini posho ilikuwa inaendelea, masomo ya kampuni ilikuwa inaendelea, lopitalo Sendwe na ya kampuni bilikuwa natumika. Baba yangu alianza kazi 1971, chini ya Mobutu kabisa, na miye nilikula hiyo unga. Timu yetu Mazembe ilichukua kombe la Afrika 1967 na 1968, babeleji bilikuwa bashaenda. Kwa hiyo ile uzuri bazee banakumbuka, nusu yake ni ya kampuni nyeusi.

Mambo iliharibika miaka ya 70 mwisho na 80, kisha 1990 mugodi ya Kamoto ikaanguka. Katikati ya miaka ya 80 tulikuwa natoa shaba zaidi ya tani 450,000 kila mwaka, 1993-94 hata 50,000 hatukufika. Mushahara ikakatika miezi na miezi. 2003 Benki ya Dunia ikalipa batu zaidi ya elfu kumi ya Gécamines baende nyumbani, bakapewa franga kidogo, bengine bakanunua minibasi, bengine bakakufa na mawazo. Baba yangu alinunua minibasi. Ilikaa myaka mbili.

Na neno ya masomo, baba yangu alifundishwa na Bahaiti. Babeleji bakakimbia 1960, hakuna mwalimu wa sekondari, ONU (Umoja wa Mataifa) ikaleta batu ya Haiti, juu ni weusi na banasema Kifaransa. Fikirini, nchi inaomba mwalimu mbali vile.

#7

#6 heshima yako kaka. Kumbe hizi stori za "mkoloni alitujali" zina mafaili mawili ndani, hii sikuwahi kuifikiria.

#8

Mimi mwalimu mstaafu, mnivumilie nikiandika kirefu kidogo.

Kuna jambo mnalizunguka. Linganisheni na kwetu. Mwalimu Nyerere alikuwa akisema Mwingereza alituachia mainjinia wawili na madaktari 12, kwa hiyo tusijione tulikuwa peponi. Lakini tofauti ipo, na siyo ya idadi. Sisi tulikuwa na Makerere, Nyerere mwenyewe alisoma pale kisha akaenda Edinburgh, akarudi 1952. Mwaka huo huo Mkongo asiye padri kwenda chuo kikuu Ubelgiji lilikuwa jambo geni kabisa, Thomas Kanza ni kati ya wa kwanza kabisa kumaliza huko, na ni 1956. Wabelgiji waliogopa mtu akienda Ulaya atarudi na mawazo. Kasavubu alisomea upadri akaachia njiani, Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, yaani Kisangani. Hao ndio rais na waziri mkuu, na nawaheshimu wote wawili, walifanya makubwa kwa walichopewa.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 karibu na Léopoldville, na cha Élisabethville 1956. Sasa sikilizeni kioja. Mwaka 1959 Lovanium waliwasha kinu cha nyuklia, cha kwanza Afrika nzima. Nchi haina daktari mzawa, ina kinu cha nyuklia! Nikiwafundisha vijana nilikuwa naanza na hicho, darasa linachangamka.

Mwaka 1955 mwalimu mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alipendekeza Kongo iandaliwe kwa miaka 30 ndipo ipewe uhuru. Kwao alishambuliwa kama mhaini, eti ana haraka. Miaka mitano baadaye wakafunga virago. Jeshi lilikuwa na askari kama elfu 25 na maofisa wote wazungu, na siku tano tu baada ya uhuru jenerali wao Janssens akawaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa Katanga, akatangaza Katanga imejitenga, na Wabelgiji nyuma yake. Wiki mbili hazijaisha.

#9

Mwalimu shikamoo. Niongezee kidogo hapo kwenye uhusiano wetu na hao jamaa. Mbelgiji alikuwa na eneo lake bandarini Dar es Salaam na Kigoma tangu 1921, mnakumbuka Belbase? Kodi faranga moja kwa mwaka, milele. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ilikuwa inapita reli ya kati kwa raha zao. Nyerere kuelekea uhuru akasema huo mkataba haumhusu. Babu yangu alikuwa kuli hapo Kigoma, alikuwa anasema bidhaa za Mbelgiji zinapita masanduku kwa masanduku na yeye hajui ndani kuna nini.

#10

#8 sawa mwalimu, marahaba ya wenzangu nimeipokea mimi 😁 ila swali langu la pale juu halijajibiwa, na naongeza lingine. Vyuo walifungua 1954, wangeachwa miaka 30 si wangetoa madaktari? Uhuru wa haraka haukuwa kosa?

#11 – Mleta uzi

#10 (wewe ndo #3 eeh, nimekujua kwa maandishi) hilo ni swali zuri na mi silikwepi. Labda. Ila angalia walivyoondoka ndo utajua wangekaa miaka 30 kwa nia gani. Siku tatu kabla ya uhuru, tarehe 27 Juni, wakaivunja Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho kilishika hisa na kura nyingi ndani ya Union Minière na ambacho serikali mpya ya Kongo ndo ilikuwa ikirithi. Kabla ya hapo mwezi huo huo wakapitisha sheria kampuni zichague, ubaki wa Kongo au uwe wa Ubelgiji, kubwa kubwa zikahamisha makao Brussels. Madeni yakabaki Léopoldville. Mtu anakukabidhi gari, kachomoa betri usiku, asubuhi anakaa pembeni anasema "si nilisema hawajui kuendesha".

Na Mobutu simtetei hata kidogo. Novemba 1973 kachukua maduka, mashamba na viwanda vya wageni akawagawia washkaji na wabunge wake, miaka miwili mbele shaba imeshuka bei na hela hazionekani, hiyo ni yake na ya wenzake, Wakongo wanajua. Lakini hata yeye, alikuwa nani 1960? Sajini wa zamani aliyegeuka mwandishi wa habari, kwa wiki moja akawa kanali na mnadhimu mkuu wa jeshi, maana kwenye jeshi la watu elfu 25 hakukuwa na ofisa mweusi hata mmoja aliyeandaliwa. Lile ombwe nani alilitengeneza?

#12

Betri imechomolewa usiku 🙌 nimeikopi.

#13

Mi bado nasema mtu anakula ugali. Ila ya hisa sikuwa naijua, nitaisoma.

#14 – Mleta uzi

Wakuu foleni imeanza kusogea, nikipita geti mtandao unakata kwa hiyo hii ya mwisho kwa leo.

Leo asubuhi nimerudi kwa yule mzee na chai. Nikamuuliza, baba yako alifanya kazi gani hasa? Akasema tanuru la kuyeyushia shaba, pale penye lile bomba refu na ule mlima mweusi wa taka, miaka 28. Alikuwa anajua kwa kuangalia rangi ya moto kama shaba imeiva, hana kipimo. Nikauliza, kwa hiyo alikuwa mkuu wa tanuru? Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Hapana. Mukubwa alikuwa muzungu. Kila myaka tatu alikuwa anaenda congé (likizo) Ubelgiji, banatuma mwingine mupya, kijana. Baba njo alikuwa anamufundisha kazi."

Utingo wangu alikuwa anasikiliza, safari hii hakudakia.

Nikamuuliza mzee, sasa mbona juzi ulisema kulikuwa kuzuri? Akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto, akasema, "Nilikuwa na myaka kumi. Nilikuwa nashiba."

Haya geti limefunguka, tutaongea nikifika Likasi.